Waliokimbilia ndani ya Fort Jesus

Leo zamu ya kuandika ni yangu, na nimechagua ngome. Sababu yake ni filamu. Juzi jioni tulikaa kutazama filamu ya vita vya zamani vya Ulaya, wale wanajeshi wa kuvaa chuma mwili mzima. Wameuzunguka mnara mmoja wa mawe na hawawezi kuingia. Mdogo wangu, ana miaka kumi na mmoja, akauliza: "Sasa kwa nini wasiuache tu huo mnara, wapite pembeni waendelee na safari?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana jibu sikuwa nalo. Nikaenda kusoma.

Jibu lenyewe si gumu. Ngome haikujengwa kwa ajili ya kujificha tu. Ukiipita, umeacha adui mgongoni. Watu hamsini wenye farasi watatoka usiku, watachoma mikokoteni yako ya chakula, kisha kabla jua halijachomoza wamesharudi ndani na lango limefungwa. Ngome inamiliki barabara, mto au bandari iliyo mbele yake. Kwa hiyo ama uiteke, ama uache watu wengi wa kuilinda, na hao watu utawahitaji mbele.

Mnara tuliouona kwenye filamu ni wa aina ambayo Wanormani walieneza Uingereza baada ya kuiteka mwaka 1066. Mkubwa kabisa kwa sifa ni ule Mnara Mweupe wa London, ambao mfalme William alianza kuujenga karibu na mwaka 1078. Una urefu wa mita 27 hivi, na chini kabisa kuta zake zina unene unaofika mita nne na nusu. Fikiria nyumba zetu za matofali ya udongo, halafu fikiria ukuta ambao vijana wawili warefu wakilala chini, kichwa kwa miguu, bado hawajaumaliza.

Akili ya mnara ule iko mlangoni. Mlango haukuwekwa chini. Uliwekwa ghorofa ya juu yake, na ngazi ya kuufikia ilikuwa nje, mara nyingi ya mbao, ili siku ya hatari waiondoe au waichome. Chini kabisa ni stoo, haina dirisha. Kisima kilikuwa ndani, na pale inapowezekana maji yalivutwa moja kwa moja kutoka ghorofani. Matundu ya kupigia mishale ni membamba kwa nje na mapana kwa ndani: mpigaji anazungusha upinde wake kushoto na kulia, lakini aliye nje anaona mstari tu. (Mtandaoni wanapenda kusema ngazi za ndani zilizungushwa upande wa kulia ili kumnyima adui nafasi ya mkono wa upanga. Ni hadithi tamu, ila wanahistoria wengi wa ngome hawaiamini.)

Udhaifu wake ulikuwa kwenye kona. Mwaka 1215 mfalme John wa Uingereza aliwazingira waasi ndani ya ngome ya Rochester. Mawe ya mitambo yake hayakutosha. Basi akaamuru wachimbaji wachimbe njia ya chini kwa chini mpaka chini ya kona moja ya mnara, wakiushikilia ukuta kwa nguzo za mbao. Halafu akaagiza aletewe nguruwe 40 walionona, wale wasiofaa sana kuliwa. Mafuta yao yakatumika kuwasha zile nguzo. Nguzo zikaungua, kona ikaanguka. Na bado waliokuwemo hawakusalimu amri siku hiyo! Mnara ulikuwa umegawanywa kwa ukuta katikati, wakahamia nusu ya pili wakaendelea kupigana. Kilichowatoa mwishoni mwa Novemba ni njaa. Kona ile ilijengwa upya baadaye, lakini kwa umbo la mviringo, kwa hiyo mpaka leo mnara wa Rochester una kona tatu za mraba na moja ya duara.

Hapo kwenye njaa ndipo nilipoacha kusoma kuhusu mawe, nikaanza kusoma kuhusu watu.

Wafanyakazi wa mashirika mliomo humu mnajua kipimo kinachotumika wakati wa dharura: angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Tufanye hesabu. Ngome yenye askari 100 ingehitaji lita 1,500 kwa siku. Sasa vita imekuja, na wanakijiji 900 wamekimbilia ndani na mbuzi wao na watoto wao. Hesabu inakuwa lita 15,000 kwa siku, na kwa mwezi lita 450,000, bila kuhesabu mbuzi. Tuseme watu wa zamani waliishi kwa theluthi moja tu ya hiyo. Bado kisima kimoja kilichochimbwa kwa ajili ya askari 100 kinalemewa. Sisi tunaosimama foleni ya pampu na ndoo tangu alfajiri hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo kila kamanda wa ngome alikuwa na swali moja zito kuliko mizinga na mishale: hawa waliokimbilia kwangu nifanye nao nini?

Soma kilichotokea Château Gaillard, kule Normandy, Ufaransa. Ngome hiyo ilijengwa na mfalme Richard kwa haraka ya ajabu, kati ya 1196 na 1198, juu ya mwamba unaotazama mto Seine. Ilikuwa na uwanja wa mbele, uwanja wa kati, uwanja wa ndani, na mnara mkuu mwishoni: ukipoteza mmoja unarudi kwenye mwingine. Mwaka 1203 mfalme Philip wa Ufaransa akaizingira. Watu wa mji ulio chini ya mwamba walikimbilia ndani. Kamanda, Roger de Lacy, akapiga hesabu ya chakula, kisha akaanza kuwatoa nje wale wasioweza kupigana: wazee, wanawake, watoto. Makundi ya kwanza Wafaransa waliyaachia yapite. Halafu Philip akakataza. Waliotolewa baadaye walipigwa mishale wasipite, wakarudi langoni, wakakuta limefungwa. Wakabaki katikati, kwenye miteremko, wakati wa baridi kali, kati ya ukuta wa wenzao na mstari wa adui. Wakala majani na mbwa. Wengi walikufa pale pale kabla Philip hajalegea na kuwapa njia na chakula. Ngome yenyewe ilianguka Machi 1204, na ule mnara mkuu wa mwisho haukusaidia kitu.

Nilimsomea mama kisa hiki. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Akasema tu kwamba kwetu, kule Kivu ya Kusini, siku ile watu walikimbilia ukuta wa parokia, na padri alifungua lango bila kuuliza nani ni nani. "Alipika ugali kwenye mapipa," akasema. Basi. Mama haelezi mambo marefu.

Sasa tutoke Ulaya, tuje pwani ya Waswahili, maana huku nako kuna ngome ambayo mlango wake ulifunguliwa kwa waliokimbia, na kilichofuata ni tofauti kabisa.

Kati ya Château Gaillard na Mombasa kuna jambo moja la kufahamu: baruti. Mwaka 1453 mizinga ya Sultani Mehmed ilibomoa kuta za Constantinople zilizokuwa zimesimama miaka elfu moja. Tangu hapo mnara mrefu ukawa shabaha tu. Mafundi wa Italia wakaleta mtindo mpya: kuta fupi, nene, zilizolala kidogo, zenye buruji zilizochomoza kwenye kona. Buruji moja inalinda ubavu wa nyingine. Adui akifika chini ya ukuta, badala ya kuwa salama pale ambapo aliye juu hamwoni, anapigwa kutoka pembeni.

Wareno walipoamua kujenga Mombasa walimpa kazi Mtaliano wa aina hiyo, Giovanni Battista Cairati wa Milano, aliyekuwa mkuu wa ujenzi wao katika nchi za mashariki. Kilichowasukuma ni Waturuki. Nahodha Mir Ali Bey alikuja pwani mara mbili katika miaka ya 1580, na miji mingi ikamuunga mkono. Mwaka 1589 Wareno walimkuta Mombasa na kumkamata. Kuna jambo hapa ambalo wenyeji wetu wa Malawi watalipenda: siku zile zile upande wa bara wa Mombasa kulikuwa na jeshi la Wazimba, watu waliotoka mbali sana, upande wa mto Zambezi, ambao wanahistoria wengi wanawahusisha na Wamaravi. Ndiyo, hao hao Maravi ambao jina la Malawi linatokana nao. Wareno waliwaruhusu wavuke kuingia kisiwani, na mji ukateketea.

Ujenzi ulianza mwaka 1593. Cairati alichagua mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari, hivi kwamba sehemu ya chini ya ngome ni mwamba wenyewe uliochongwa, na juu yake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ina buruji nne: São Filipe na São Alberto zinatazama nchi kavu, na hizo mbili zimetazamana pia zenyewe kwa zenyewe ili kila moja ilinde ubavu wa mwenziwe, São Matias na São Mateus ziko upande mwingine. Mbele kuna sehemu iliyochomoza kuelekea baharini. Ukiitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali, kichwa baharini, mikono na miguu imetanuliwa. Upande wa nchi kavu wakachimba handaki kwenye mwamba. Mahali pote hapo ni kama hekta mbili na theluthi, yaani padogo kuliko mnavyodhani.

Ngome nzuri sana, lakini tazama ilivyotekwa mara ya kwanza. Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, sultani aliyelelewa Goa na kubatizwa jina la Dom Jerónimo, aliingia ndani na watu wake, akamuua kapteni, na ngome ikawa yake. Hakubomoa jiwe hata moja. Aliingia kwa mlango, kama mgeni. Wareno walipokuja kuikomboa mwaka uliofuata walishindwa na ngome waliyoijenga wenyewe, na waliirudia tu baada ya Yusuf kuondoka kwa hiari yake kwa meli.

Na sasa habari yenyewe niliyotaka kuwapa. Machi 1696 majeshi ya Oman, ya Imamu Saif bin Sultan, yalifika Mombasa na kuizingira Fort Jesus. Ndani askari Wareno hawakufika mia. Lakini hawakuwa peke yao. Mamia ya watu wa pwani walikuwa wamekimbilia ndani, wanaume, wanawake na watoto, na miongoni mwao watu wa Faza na mkuu wao, Bwana Daud. Faza ni mji ulioko kisiwa cha Pate, na ulikuwa hasimu wa mji wa Pate, ambao ulikuwa upande wa Waomani. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini Mswahili Mwislamu akimbilie kwa Mreno? Na tena watu wa Faza! Mwaka 1587 Wareno hao hao waliuteketeza mji wa Faza kwa sababu ulimpokea Ali Bey, na hata minazi waliikata. Mimi nadhani jibu tunalijua sisi. Ukikimbia, unakimbilia lango lililo wazi usiku ule. Nani alikufanyia nini miaka mia iliyopita, hilo utalifikiria ukishakuwa ndani.

Hapa hawakutolewa nje kama Château Gaillard. Walibaki. Wakala kile kile, wakaugua kile kile. Desemba 1696 zilifika meli za msaada kutoka Goa, lakini maradhi yaliwamaliza waliokuja sawasawa na waliokuwemo. Kapteni wa kwanza alikuwa ameshakufa mwezi Oktoba. Aliyemfuata, António Mogo de Melo, alikufa mwishoni mwa Agosti 1697. Na hapo, ndugu zangu, Wareno wakaisha. Ngome kubwa ya mfalme wa Ureno katika Afrika Mashariki ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, ndugu zake 17, Waafrika wanaume 8, na Waafrika wanawake 50.

Rudia kusoma hiyo hesabu. Wanawake 50 kati ya watu 76. Ndio waliosimama ukutani kwa wiki kadhaa, mpaka meli nyingine zilipofika Septemba. Buruji za Cairati zilihitaji mtu wa kusimama juu yake, na waliosimama ni wale ambao kamanda wa Gaillard angewahesabu kuwa midomo ya kulishwa tu. Katika yote niliyosoma nimekuta hesabu yao. Jina hata la mmoja sijalikuta. Sijui kama nao walikimbilia mle kwa hiari au walikuwa watumwa wa watu waliokuwa wameshakufa. Huenda wapo wa aina zote mbili. Kwa mtumwa, kuwa nyuma ya ukuta si lazima iwe ni kuokoka, na sitaki kuandika kama vile kila aliyekuwa mle alifurahi kuwa mle.

Meli zilizofika Septemba zilileta askari na kapteni mpya, na ngome ikarudi mikononi mwa Wareno. Mojawapo, Santo António de Tanna, ilizama karibu kabisa na ngome mwaka huo huo wa 1697, na mabaki yake yalichimbuliwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970. Mzingiro ukaendelea mwaka mzima mwingine. Desemba 1698, baada ya miezi 33, waliobaki ndani walikuwa wachache kiasi kwamba hakuna namna ya kuwapanga kwenye buruji nne. Waomani wakapanda ukuta. Siku chache baadaye meli za msaada zikatokea baharini, zikaona bendera nyekundu ya Oman juu ya ngome, zikageuza.

Miezi 33! Kuta zilikuwa bado zimesimama. Wanaosema Fort Jesus ilishindwa kwa sababu ya ubovu wa ujenzi hawakusoma vizuri. Zimesimama mpaka leo, na mwaka 2011 UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Zilikosa watu. Na pale zilipokosa watu mara ya kwanza, mwaka 1697, waliozishikilia ni wageni waliopewa hifadhi.

Nimalizie na neno moja, maana nilipokuwa nasoma lilinishtua. Ndani ya ngome zao Wareno walijenga kanisa, kwa Kireno igreja, na wataalamu wengi wa lugha wanasema ndilo lililozaa neno letu gereza. Pale Kilwa Kisiwani ngome ya zamani inaitwa hivyo hivyo, Gereza. Waingereza nao waliifanya Fort Jesus kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, kisha mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Yaani mahali pa kukimbilia pakawa mahali pa kufungia watu, kisha pakawa mahali pa kulipa kiingilio.

Sisi hapa njia yetu imekwenda kinyume. Dzaleka ilikuwa jela wakati wa Kamuzu Banda, walikofungwa watu wa siasa, kabla ya 1994 ilipofanywa kambi ya wakimbizi. Kwa Kichewa kuleka ni kuacha, na ndidzaleka ni "nitaacha", kauli ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa. Ukuta wa mawe hatuna. Lakini kila anayepanda minibasi kwenda Lilongwe anajua kibali chake kiko mfuko gani, na wale mliorudishwa kutoka mjini mwaka 2023 mnajua lango ambalo halionekani linavyofungwa.

Mdogo wangu nimempa jibu la kwa nini hawakupita pembeni. Ameelewa. Sasa anataka kujua wale wanawake 50 walikula nini mwezi ule wa Agosti.